Prosesa Hii ni Mwana wa Nani?

Ukiwa Amu, mji wa Lamu, na kompyuta yako imekataa kuwaka, utaelekezwa kwa fundi mmoja kati ya watatu au wanne, na wote ni wazuri. Lakini ukiwa mwanamke, na ndani ya kompyuta hiyo mna picha za harusi yako, umefumuliwa nywele, umepakwa hina hadi viwikoni, mabega yako wazi, basi utaelekezwa kwa mtu mmoja tu: Bi Fahima wa Bakr. Huko hakuna jicho la mwanamume litakalopita juu ya picha zako. Unabisha hodi, unaingia ukumbini, unavua buibui, unaletewa kahawa, na kompyuta yako inafunguliwa mbele yako huku mkizungumza habari za mjini.

Alijifunza mwenyewe. Mumewe Bakr hupakia mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Manda, na mwaka mmoja hoteli ya huko ilipobadilisha kompyuta za ofisi, Bakr aliomba ile iliyokufa kabisa awapelekee watoto wabonyeze vifungo. Watoto hawakuiona. Fahima aliifungua kwa bisibisi ya cherehani siku hiyo hiyo, akakuta vumbi la kujaza kikombe, mjusi aliyekauka, na katikati kibati cha mraba chenye maandishi madogo. Akayanakili maandishi yale kwenye daftari. Kisha akachukua simu, akaanza kupekua mtandaoni kibati kile ni nani, kimetoka kwa nani, na aliyekitangulia ni nani.

Usishangae. Fahima ameolewa Amu lakini kwao ni Chundwa, kisiwa cha Pate, na Chundwa mgeni hamalizi maji aliyopewa kabla ya kuulizwa yeye ni mwana wa nani. Wala si ubaya. Utataja baba, utaulizwa babu, na ukifika kwa babu mwenyeji atapiga paja aseme, "Aa! Kumbe ni wewe!" kana kwamba amekulea. Mtu aliyekulia katika maswali hayo akikutana na prosesa, kibati kile kinachoifikiria kompyuta, atauliza lipi lingine?

Basi ikawa ndiyo kazi yake hiyo. Kila kompyuta iliyopita mikononi mwake iliandikwa daftarini pamoja na nasaba ya prosesa yake: hii mwana wa ile, ile mwana wa ile, mpaka kwa mzee wao. Wateja walicheka. Yeye alikuwa akisema akishajua ukoo, nusu ya ugonjwa ameshaujua. Na ni kweli, kwa miaka minane ukoo haukumdanganya hata mara moja.

Ulimdanganya mwaka jana, huko huko kwao Chundwa, mbele ya wanawake wote.

Ilikuwa hivi. Shirika moja dogo la elimu lilitoa laptopu kumi na mbili, zimetumika lakini nzima, kwa chumba cha akina mama wa Chundwa. Chumba chenyewe kiko ubavuni mwa madrasa, kina sola juu ya paa na betri mbili ukutani. Ndani ya laptopu palitakiwa kuwekwa mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na juu ya mfumo huo, programu ya masomo isiyohitaji mtandao: hesabu, Kiingereza, sayansi, vitabu vyote vya kidato cha tatu na cha nne. Mwenyekiti wa kamati, Bi Hindu, alikataa katakata kuletewa fundi kutoka nje.

"Mwana wetu yuko Amu," alisema. "Mwambieni Fahima aye."

Fahima alikwenda, furaha imemjaa, na mkoba wa vyombo begani. Laptopu zililetwa Jumamosi na Bi Kulthum, afisa wa shirika, mwanamke mrefu mwenye miwani na haraka zake. Alizipanga juu ya meza, akazihesabu, akamsainisha Bi Hindu, halafu akaongeza neno moja.

"Nitarudi Alhamisi, saa nne asubuhi. Laptopu itakayofungua masomo nitaiacha. Isiyofungua nitaondoka nayo, kuna skuli Amu iko kwenye foleni."

"Hata ikiwa bado kidogo?" aliuliza Bi Hindu.

"Bi Hindu, si mimi. Ndivyo barua ilivyo."

"Barua hiyo haimjui Fahima."

"Basi Alhamisi itamjua," alisema Bi Kulthum, akacheka, akashuka kwenda kuwahi boti.

Aliyeguswa na neno lile kuliko wote alikuwa Nana. Nana ana miaka ishirini na mbili. Aliacha skuli kidato cha pili akaolewa, na sasa ana mtoto wa miezi saba, Musab, mnene kama mkate wa mofa. Alikuwa ameshajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje. Vitabu hana, mwalimu hana, na kwenda Amu kila wiki na mtoto kifuani haiwezekani. Masomo yale ndani ya laptopu ndiyo yalikuwa njia yake, na alijua hakuna nyingine. Tangu Jumamosi hiyo alikuwa wa kwanza kufika chumbani na wa mwisho kutoka, akifuta vioo kwa kanga.

Jumapili Fahima alianza kazi. Kutoka Nairobi kijana wa shirika, Hesbon, alikuwa amempelekea flashi moja kubwa yenye vitu vitatu: programu ya masomo, na faili mbili za mfumo achague. Moja ilikuwa na jina lililoishia i386. Nyingine iliishia amd64. Fahima aligeuza laptopu ya kwanza, akaona stika ya Intel. Akageuza ya pili, Intel. Zote kumi na mbili, Intel.

"Hapa hapana maswali," alisema. "Hawa ni wa nyumba ya Intel. Hii ya amd64 ni ya nyumba ya jirani."

Akanakili i386 kwenye flashi zake mbili, akaanza kuingiza mfumo, laptopu mbili kwa wakati mmoja. Kila awamu ilichukua karibu saa nzima, na betri za ukutani hazikustahimili laptopu zaidi ya mbili. Kazi hiyo ina kungojea kwingi, na wanawake wa Chundwa hawangojei kimya.

"Haya tuambie," alisema Bi Hindu, amejinyosha juu ya mkeka. "Huyu umwitaye Intel ni wa nani?"

Fahima hakuhitaji kubembelezwa.

"Mzee wao alizaliwa mwaka wa sabini na moja. Jina lake Elfu Nne na Nne."

"Jina hilo? Au namba ya mfungwa?"

"Ndilo alilopewa. Kampuni ya Japani ilitaka vikokotoo vya mezani, akatengenezwa kwa kazi hiyo. Alikuwa akibeba biti, vipande vidogo vya habari, nne nne kwa safari. Mwaka uliofuata akaya wa kubeba nane, wakamwita Elfu Nane na Nane. Halafu Elfu Nane na Themanini. Halafu, mwaka wa sabini na nane, Elfu Nane Themanini na Sita, wa kubeba kumi na sita. Huyo sasa ndiye mwenye ukoo."

"Alifanya nini?"

"Alizaa. Na ndugu yake mdogo, Elfu Nane Themanini na Nane, akaingia kwenye kompyuta moja ya IBM iliyouzwa dunia nzima, kila mtu akaiiga. Basi wanawe na wajukuu wote wakapewa majina ya mkia mmoja. Mia Mbili Themanini na Sita. Mia Tatu Themanini na Sita. Mia Nne Themanini na Sita. Watu wakachoka kuwataja mmoja mmoja, wakaandika eksi, kisha themanini na sita. Eksi hapo ni yeyote yule."

"Yaani fulani," alisema Nana.

"Naam. Fulani bin Themanini na Sita."

Wakacheka mpaka Musab akaamka.

"Na wa Mia Tano?" aliuliza Bi Hindu. Alikuwa ameketi sasa; ukoo ukipungua mtu mmoja yeye hupata homa.

"Hapo pana kisa. Nyumba nyingine nazo zilikuwa zikitengeneza prosesa za namna ile na kuziita kwa namba zile zile. Intel wakaenda kortini, wakataka namba iwe mali yao. Korti ikawakatalia."

"Ehe! Nitakatazwaje kusema mia tatu?"

"Ndivyo. Basi wa tano hawakumpa namba, walimpa jina la kumilikika. Pentiumu. Mwanzo wa jina ni Kigiriki, maana yake tano."

Nana alifikiri kidogo. "Kwa hiyo wamemwita Khamisi."

Hapo kicheko kilitoka nje ya dirisha, na maalimu wa madrasa akagonga ukuta kuomba adabu.

Bi Hindu alitoa simu kifuani. "Na huyu wangu? Naye ni Khamisi?"

"Huyo si wa ukoo huu kabisa, Bi Hindu. Simu yako ni Arm. Huyo alizaliwa Uingereza, kwa kampuni iitwayo Acorn, na A ya mwanzo wa jina lake ilikuwa A ya Acorn. Miaka ikapita, akatolewa kwenda kujitegemea, kampuni yake mwenyewe. Wakaona aibu kubeba jina la nyumba aliyotoka, na herufi wameshaizoea. Basi wakabakisha herufi, wakabadilisha maana. Ile A ikawa ya neno la Kiingereza lenye maana ya kuendelea mbele."

"Wajanja hao."

"Na hao wa jirani je?" aliuliza Nana. "Hao wa faili ya pili?"

"AMD. Hao zamani walitengeneza hizi hizi za Themanini na Sita kwa ruhusa ya Intel. Halafu ruhusa ikawa ugomvi, na ugomvi ukawa kesi. Wameshtakiana miaka."

"Basi mwana wa huku hawezi kuvishwa nguo ya kule."

"Hawezi," alisema Fahima, akabonyeza kitufe cha mwisho, na laptopu ya pili ikawaka vizuri kabisa, kioo cha buluu, saa kwenye pembe.

Jumatatu vivyo hivyo. Jumanne vivyo hivyo. Hadi alasiri ya Jumanne zote kumi na mbili zilikuwa zimewaka, safu moja ya buluu, na Bi Hindu ameshawaalika wanawake wa mitaa mitatu waje Alhamisi kushuhudia.

Jumatano ilibaki kazi ndogo tu, kuingiza programu ya masomo, nayo wakaianza alasiri, betri zikishajaa. Fahima alichomeka flashi ya Hesbon, akabonyeza. Laptopu ikafikiri. Ikaleta mstari mmoja mwekundu wa Kiingereza. Fahima akausoma, akabonyeza tena. Mstari ule ule. Akaenda ya pili, ya tatu, ya saba.

"Yasemaje?" aliuliza Nana.

"Yasema kifurushi hiki ni cha amd64, na mfumo huu ni i386, havilingani." Akasimama, mikono kiunoni. "Wametuletea masomo ya nyumba nyingine! Hebu nipigieni huyo Hesbon."

Simu iliwekwa spika katikati ya meza, wote wakainama juu yake.

"Bi Fahima! Mambo ya Chundwa?"

"Si mazuri, Bwana Hesbon. Umenipa kifurushi cha AMD. Mimi nina Intel kumi na mbili."

"Hapana, iko sawa. Hiyo amd64 ndiyo yako."

"Yangu vipi? Naona stika kwa mato yangu."

"Stika si shida. Hiyo ni jina tu, madam. Ni jina ya wenye walianza. Hata sisi hapa ofisini ni Intel, na tunatumia hiyo hiyo."

"Bwana Hesbon," alisema Fahima kwa utulivu wa mtu anayemrudi mtoto wa wenyewe, "mimi kazi hii nimeifanya miaka minane. Mtoto haitwi kwa jina la mtu asiyemzaa. Nitumie ya Intel."

"Lakini hakuna ya Intel. Masomo ni hiyo moja."

"Basi mmekosea nyinyi." Akakata.

Chumba kilimwamini yeye. Nani angemwamini Hesbon, sauti tu, na ya Nairobi tena? Bi Hindu alimpigia Bi Kulthum hapo hapo, akamweleza kwamba shirika limeleta kifurushi kisicho chake, kwa hiyo Alhamisi isogezwe.

"Kosa ni la nani sitaweza kulijua mimi," ilisema sauti ya Bi Kulthum. "Kesho saa nne nitabonyeza. Zikifungua, zenu."

Bi Hindu akairudisha simu kifuani. Nana alikuwa amesimama karibu na dirisha, kanga ya kufutia vioo imekunjwa mkononi. Fahima alimtazama, kisha akatazama safu ya laptopu zake za buluu, nzuri, zisizo na faida yoyote.

Hapo ndipo Musab alipolia. Alilia kwa njaa, kilio cha kuamrisha. Nana akanyosha mikono, lakini Razan, jirani yake, alikuwa karibu zaidi. Akamchukua, akajifunika leso, akampa titi, mtoto akanyamaza kama redio iliyozimwa. Hakuna aliyegeuza kichwa. Musab alipozaliwa, Nana alilazwa hospitali ya Amu siku kumi na saba, na siku zote hizo Musab alinyonya kwa Razan, bega kwa bega na binti wa Razan, Hayat.

Bi Hindu, apate kuondoa uzito uliokuwa chumbani, akatania. "Wallahi huyu Musab atakuja kuwa kijana mzuri, na Hayat binti mzuri, nyumba mkabala. Hasara iliyoje!"

"Hasara gani?" aliuliza mmoja wa wageni kutoka mtaa wa pili.

"Si wameshakuwa ndugu? Baba mbali, ukoo mbali, lakini titi moya. Hakuna posa hapo."

"Kwa nasaba wangeoana."

"Nasaba ni swali la kwanza tu. Akiya mposaji kwangu, namuuliza mwana wa nani, halafu namuuliza amenyonya wapi. Asiyeuliza la pili atafungisha harusi ya haramu na pilau ishaliwa."

Wakacheka, isipokuwa Fahima. Fahima alikuwa amegeuka kuwatazama Razan na mtoto. Kisha akaishika laptopu ya karibu, akaigeuza, akaisoma stika ya Intel kama hajapata kuiona.

"Nipeni simu," alisema.

Hesbon alipokea mlio wa kwanza. Pengine alikuwa ameikalia simu akingoja.

"Bwana Hesbon, samahani. Nina swali. Intel walinyonya kwa AMD?"

"Eh? Madam, sijashika hiyo."

"Hizi prosesa za kubeba sitini na nne. Mwenye kuzianza hivi zilivyo, ni nani?"

"Aa! Sawa. Ni AMD. Intel walikuwa na njia yao tofauti kabisa ya sitini na nne, lakini haikuelewa programu za zamani vizuri, watu hawakuipenda. AMD wakachukua ile ya zamani, ya themanini na sita, wakairefusha. Ya kwanza ikatoka elfu mbili na tatu. Mwaka uliofuata Intel nao wakaichukua, wakaipa jina lao. Lakini wenye kuandika mfumo walikuwa washaandika amd64, wakaiacha hivyo. Si ndiyo nilikuwa nakuambia?"

"Ulikuwa ukiniambia. Mimi ndiye sikuwa nikisikia. Na ile i386, mbona zote zimeikubali?"

"Hiyo familia haisahau, Bi Fahima. Laptopu ya jana tu bado inaelewa lugha ya babu yake wa mwaka themanini na tano. Ukiiongelesha hiyo, itakujibu na hiyo. Lakini masomo yameandikwa kwa lugha ya sitini na nne."

Fahima alishukuru, akaweka simu chini. Angeweza kunyamaza, akaanza kazi upya, akasema Hesbon amemtumia njia nyingine. Hakuna mwanamke pale ambaye angejua. Alivuta kiti, akakaa ili awe sawa na waliokaa mkekani.

"Kosa si la Nairobi," alisema. "Ni langu. Faili iliyotakikana ilikuwemo tangu Jumapili, mimi niliikataa. Nimemuuliza huyu Intel baba yake ni nani. Sikumuuliza amenyonya wapi."

Bi Hindu akaguna.

"Wewe? Mwana wa Chundwa?"

"Mimi, Bi Hindu."

"Na ulipoposwa na Bakr niliuliza mwenyewe, yote mawili, mpaka mamake akakasirika!"

"Najua."

"Lo! Amu imekuharibu." Akainuka, akafunga leso kiunoni. "Zirudiwe zote?"

"Zote kumi na mbili. Tangu mwanzo. Mbili mbili, kila mbili karibu saa nzima."

"Na jua limebaki saa ngapi?"

"Mbili."

"Basi tunakaa kufanya nini?"

Nana alikuwa ameshachomoa flashi ya kwanza.

Hadi Magharibi nne zilikuwa tayari, na hizo nne zilipobonyezwa zilifungua masomo, hesabu na Kiingereza na vitabu vyote. Betri zikaisha nguvu, wakafunga chumba. Alhamisi walirudi mapema, lakini asubuhi ile mbingu ilikuwa na wingu zito kama blanketi, sola ikagoma mpaka saa moja na nusu. Wanawake walipeana zamu ya kutoka uani na kulitazama jua, kila mmoja akirudi na ripoti yake. "Linatoka!" "Limerudi!" "Jamani, linatufanyia makusudi!" Mbili zikamaliza. Mbili nyingine zikamaliza. Wageni walioalikwa walijaa mlangoni na kila mmoja alitaka aelezwe upya kilichotokea, na Bi Hindu alieleza, na kila alipoeleza kosa la Fahima liliongezeka ukubwa.

Ya tisa ilifika mwisho Bi Kulthum akivua viatu mlangoni. Ya kumi ilikuwa katikati, betri za ukutani zikalia pii, zikazima, nayo haikuwa na chaji ya ndani kama zile tisa zilizokwisha kuchajiwa.

Bi Kulthum alisalimia, akaanza kwa kulia. Alibonyeza ya kwanza, masomo yakafunguka. Ya pili, yakafunguka. Alikwenda taratibu, miwani puani, na chumba kizima kilikuwa kikihesabu naye kimoyomoyo. Ya tisa ikafunguka. Akafika ya kumi.

"Hizi tatu zina nini?"

"Zimelala," alisema Bi Hindu upesi. "Jua la yeo si jua. Likitoka tu zitaamka."

Bi Kulthum alimgeukia Fahima.

"Hazikulala," alisema Fahima. "Niliziwekea mfumo usio wake, zote kumi na mbili, na kosa ni langu. Tisa nimezirekebisha. Nikipata saa mbili za jua, hizi nazo zitakuwa tayari."

Bi Hindu alimkodolea macho ya kumla. Bi Kulthum alitazama saa yake, kisha akatazama dirishani, upande wa bandari.

"Bi Fahima, maji yanatoka. Nikikaa saa mbili boti italala matopeni na mimi nitalala kwenu."

"Karibu. Nyumba ipo, na pweza yupo."

"Nami ningependa. Lakini barua ndivyo ilivyo." Akatoa kalamu, akaandika tisa. Aliandika kwa herufi, halafu kwa tarakimu, akampa Bi Hindu asaini. Bi Hindu alisaini akinung'unika kwamba kumi na mbili ni hesabu nzuri zaidi, hata miezi ni kumi na mbili.

Zile tatu Fahima alizibeba mwenyewe kwenda chini, amezifunga kwenye kanga, hakukubali kusaidiwa. Njiani Bi Kulthum alimuuliza kama skuli ya Amu itazipata zikiwa na kasoro ile ile.

"Hapana. Jumamosi nitakuwa nimerudi. Nitakwenda skulini mwenyewe nizimalize. Na flashi yenye faili iliyo sawa hii hapa, iwe kwako, asije mwingine akafanya nilivyofanya mimi."

Bi Kulthum aliichukua, akaitia mkobani. "Ungenyamaza, labda ningeyaamini ya Bi Hindu," alisema.

"Labda. Halafu wiki ijayo ungenipigia simu kuniuliza kwa nini tatu hazijaamka bado."

Bi Kulthum akacheka, akapanda botini, akakumbatia laptopu zake tatu mapajani zisirukiwe na maji. Fahima alisimama mpaka mota ilipowashwa, halafu akapanda kurudi, polepole, akitunga njiani namna atakavyowagawa wasichana kumi na wawili waliojiandikisha kusoma kwa laptopu tisa. Wengine watakaa wawili wawili. Nana lazima apate yake peke yake hadi mtihani. Atalazimika kuwaeleza vizuri, pengine aanze tangu mwanzo, na wale wageni wa mtaa wa pili hawakuwahi kusikia habari za ukoo.

Alipofika mlangoni alikuta wameshajigawa wenyewe. Laptopu tisa zilikuwa wazi. Kwenye tatu wasichana wameketi wawili wawili, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni, vichwa vimegusana. Razan alikuwa na watoto wote wawili. Bi Hindu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mtu, mikono mgongoni, akitazama picha ya moyo wa binadamu inavyodunda kwenye kioo. Nana alikuwa pembeni kabisa, peke yake, penseli mdomoni, daftari limeshajaa nusu ukurasa.

"Basi sikilizeni," alianza Fahima, "nitawapangia..."

Nana hakugeuka. Aliinua mkono mmoja tu, kidole kikiwa wima.

"Shh," alisema.

Na Bi Fahima, aliyezungumza chumbani mle tangu Jumapili, akavua viatu, akakaa chini karibu na mlango, akanyamaza.